Shajara ya kuwinda kibonde cha HD 209458 kwa darubini ya sentimita 8

Siku ya 1

Nimeamua. Baada ya miaka miwili ya kupiga picha Mwezi na pete za Zohali, safari hii nataka kupima kitu ambacho siwezi kukiona. Ninaiwinda nyota HD 209458, katika kundinyota la Farasi, lile wanaloliita Pegasus, pamoja na sayari yake inayoizunguka kila baada ya siku tatu na nusu. Njia ya sayari hiyo imelala karibu sawasawa na mstari wa macho yetu, kwa hiyo kila mzunguko inakatiza mbele ya nyota na kuziba sehemu ndogo ya mwanga. Nyota inafifia kwa asilimia 1.5 hivi, inakaa hivyo kama saa tatu, halafu inarudi ilivyokuwa. Nikiweza kuuona huo mpito kwenye grafu, hata kama ni kibonde kidogo chenye kutetemeka, nitakuwa nimemaliza kazi.

Nyota yenyewe ni ndugu wa Jua. Uzito wake ni mara 1.1 ya Jua, upana wake kama mara 1.2, na iko umbali wa karibu miaka nuru 159. Uangavu wake ni 7.65, kwenye kipimo ambacho namba ikikua mwanga unapungua: macho matupu hayaipati, lakini darubini ya kushika mkononi inaipata bila taabu. Sayari yake ndiyo haina ndugu huku kwetu. Ni jitu la gesi la jamii ya Mshtarii, ila limejibana kwenye nyota kwa umbali wa asilimia 4.7 tu ya umbali uliopo kati ya Dunia na Jua. Utaridi, ambaye tunamwona ameungua kwa kukaa karibu na Jua, yuko kwenye asilimia 39. Jitu hili limesogea mara nane zaidi yake.

Vifaa: darubini ya lenzi yenye kipenyo cha sentimita 8, kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, stendi yenye mota ya kuifuata anga, na kompyuta ya mpakato yenye feni inayolia kama jenereta. Wanaastronomia David Charbonneau na Timothy Brown walipoukamata mpito huu kwa mara ya kwanza, Septemba 1999, darubini yao ilikuwa ya sentimita 10. Kumi tu. Nimepungukiwa na mbili, basi nikajiona mkubwa.

Siku ya 2

Leo hesabu za muda. Mzunguko mmoja ni siku 3.52474859, yaani siku 3, saa 12, dakika 35 na sekunde 38. Ukiijumlisha mara mbili unapata siku 7, saa 1 na dakika 11. Maana yake, ukibahatika kupata mpito usiku, wiki inayofuata utaupata tena usiku wa siku ileile, umechelewa kwa dakika 71. Ule wa katikati unaangukia mchana na haukufai. Kila wiki unateleza dakika 71, mpaka ule wa usiku unazama asubuhi na ule wa mchana unaanza kuchomoza jioni. Nimefurahi kuliko inavyostahili. Ni kama kujua ratiba ya jirani asiyewahi kukosa.

Siku ya 4

Jaribio la fokasi. Mwanzoni nilifokasi nyota mpaka ikawa nukta kali, kama nifanyavyo siku zote, na ikawa kosa. Nukta ile ilikuwa imekaa kwenye pikseli nne tu, zote zimejaa hadi ukingoni. Ukimwaga maji kwenye kikombe kilichojaa huwezi kujua umemwaga kiasi gani. Isitoshe, mota ikitikisika kidogo, nukta inahamia pikseli za jirani ambazo hazina usikivu uleule, na kipimo kinaruka.

Dawa ni kuiharibu fokasi kwa makusudi. Nikazungusha skrubu taratibu hadi nyota ikawa duara pana la pikseli 25 hivi, lenye ukingo mkali na tundu jeusi kidogo katikati. Baya la kutazama, zuri la kupima. Picha moja ya sekunde 30 sasa haijai, na kumetameta kwa hewa kunajisawazisha ndani ya zile sekunde 30. Ninatumia pikseli za kijani peke yake.

Pembeni, ndani ya picha hiyohiyo, nimechagua nyota mbili hafifu kidogo kuliko yangu. Moja ya kulinganishia: ukungu ukipita unazifunika zote mbili, kwa hiyo nikigawanya mwanga wa moja kwa nyingine ukungu unajifuta. Ya pili ni shahidi. Naigawanya nayo kwa ile ya kulinganishia nione kama mstari wake umenyooka. Ukipinda, basi tatizo ni langu.

Siku ya 8

Nimeipata! Usiku wa kwanza tu!

Nilikuwa nimekokotoa kwamba katikati ya mpito ni saa 2:45 usiku. Nilianza giza lilipoingia, nikapiga picha mfululizo hadi saa 5. Nimechora grafu sasa hivi: mstari unashuka kuanzia saa 2 kasorobo hivi, unafika chini karibu asilimia 1.8, unapanda tena. Nyota shahidi imenyooka. Siandiki zaidi, nimechoka na nina furaha.

Siku ya 9

Nimeamka nikaanza kuandika ripoti, na kwa kuwa ripoti inataka muda sahihi, nikarudia hesabu. Laiti ningeirudia jana.

Wanaastronomia huhesabu siku kwa namba moja inayoongezeka tu, siku ya Juliani, isiyo na miezi wala miaka mirefu. Baada ya kuongeza tofauti ya ukanda wangu wa saa, desimali iliyobaki ilikuwa 0.865. Nilizidisha kwa 24, nikahesabu kuanzia saa sita usiku, nikapata saa 2:45 usiku. Kumbe siku ya Juliani huanza saa sita mchana. Waliipanga hivyo ili usiku mmoja wa kazi usikatwe na tarehe mbili. Kiswahili kina "usiku wa kuamkia" kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo mpito ulikuwa saa 2:45 asubuhi. Ya leo. Jua limewaka na mimi nimelala.

Kwa saa zetu kosa hili lina ucheshi wake: namba hazikubadilika hata moja. Saa mbili na dakika arobaini na tano, ileile. Kilichokosewa ni neno moja la mwisho.

Sasa swali linalouma: kama sayari haikuwa mbele ya nyota jana usiku, kile kibonde changu cha asilimia 1.8 kilitoka wapi?

Siku ya 10

Vumbi.

Imenichukua siku nzima. Nilianza kwa kushuku hewa, nikashuku mota, nikashuku programu. Hatimaye nikachora kitu ambacho ningepaswa kukichora mwanzo: nyota ilikuwa wapi kwenye kihisi cha kamera, picha kwa picha. Stendi yangu haikuelekezwa vizuri kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuzungukia, hivyo kwa saa tatu nyota iliteleza karibu pikseli 180, polepole, kwa mstari ulionyooka. Jioni nikapiga picha za anga tupu ya machweo, ambayo ni nyeupe sawasawa, nikaongeza utofauti wa rangi kwenye skrini. Pale pale, katikati ya njia aliyopita mgeni wangu, kuna kivuli cha mviringo kama alama ya glasi iliyowekwa mezani ikiwa na maji. Chembe moja ya vumbi kwenye kioo cha kihisi. Nyota iliingia kwenye kivuli, ikakaa, ikatoka. Umbo la mpito kabisa. Nyota shahidi haikupita hapo, ndiyo maana ilinyooka na kunidanganya kwa unyoofu wake.

Nikazigawanya picha za juzi kwa zile za machweo. Kibonde kikatoweka, mstari ukawa bapa.

Nimekaa muda mrefu nikiitazama ile grafu bapa. Kama ningekosea muda kwa namna nyingine, kibonde cha vumbi kikaangukia usiku wa mpito wa kweli, ningekitangaza kuwa sayari na hakuna ambaye angenipinga, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua nilichotarajia kukiona. Kuanzia leo kanuni ni hii: picha za machweo kila usiku, stendi inaelekezwa upya kila usiku, na kila wiki napima pia usiku mmoja ambao najua sayari haipo. Usiku huo mstari usipokuwa bapa, vya usiku mwingine sivihesabu.

Siku ya 12

Mpito wa kweli, katikati saa 3:21 usiku. Ulianza anga likiwa bado na mabaki ya mwanga wa jioni, nikapata nusu saa tu ya kipimo kabla ya kushuka. Saa 3:40 mawingu yakafunga. Nina nusu ya kibonde: mteremko na sehemu ya chini. Nusu haitoshi. Kitu chochote kinaweza kushuka. Mpito ni lazima upande.

Siku ya 15

Mawingu. Nasoma.

Kinachonishangaza katika historia ya nyota hii ni jinsi jibu lilivyokuwa limelala kwenye makabati. Wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya nyota 51 Pegasi mwaka 1995, nayo iko kwenye kundinyota hilihili la Farasi, inazunguka nyota ya aina ya Jua kwa siku 4.2. Watu walishtuka, maana nadharia ilizoea majitu ya gesi yakae mbali kwenye baridi. Hawakuiona, waliona nyota ikiyumba. Sayari inapozunguka inaivuta nyota huku na huku, na rangi za mwanga wake zinasogea kidogo kuelekea bluu, kisha nyekundu. Tuzo ya Nobel ya fizikia ilikuja 2019.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha HD 209458 inayumba, mita 85 hivi kwa sekunde kila upande. Lakini kuyumba hakukuambii njia ya sayari imeinama vipi. Kwa sayari iliyo karibu namna hii, nafasi ya kukatiza mbele ya nyota yake ni kama moja kwa kumi, kwa hiyo ilibidi kuzikagua moja moja. Ndipo Charbonneau na Brown wakaipata Septemba 1999, na Gregory Henry, kwa kazi yake mwenyewe, akaikamata ikiingia Novemba mwaka huohuo. Baadaye watu wakarudi kwenye vipimo vya setilaiti ya Ulaya, Hipparcos, iliyokuwa imepima nyota hii kati ya 1989 na 1993. Kibonde kilikuwemo. Vipimo vichache vilivyoangukia ndani ya mipito, vimeshuka kama inavyotakiwa, vimekaa hapo miaka bila mtu kujua maana yake.

Nawaelewa waliopitwa. Kabla ya kujua siku 3.5, nukta chache zilizoshuka ni takataka tu. Mimi mwenyewe juzi niliziabudu nukta za vumbi.

Siku ya 17

Usiku wa kupima bila sayari. Mstari bapa, mtawanyiko wa asilimia 0.5 kwa picha moja. Nikipanga kumi kumi unashuka hadi chini ya asilimia 0.2. Inatosha.

Siku ya 19

Katikati saa 4:32. Kila kitu safi mpaka saa 5:40, nikaona nyota zote tatu zinafifia pamoja, na maduara yao yanatanuka kama yanayoyeyuka. Nikatoka na tochi: lenzi ya mbele imejaa umande, matone madogo sana, mepesi kama pumzi kwenye kioo. Kulinganisha hakukuokoa kitu kwa sababu umande haukai sawasawa. Nimepata kushuka na chini tena, kupanda hakuna. Nimetengeneza kofia ndefu ya karatasi ngumu ya kuikinga lenzi, na nimefunga kando yake waya wa kupasha joto unaotumia betri.

Watu wa ridhaa wa kwanza kuukamata mpito huu walikuwa Wafini wa kituo cha kutazamia nyota cha Nyrölä, Septemba 2000, mwaka mmoja tu baada ya wataalamu. Leo nimejiuliza walifanyaje na umande.

Siku ya 26

Katikati iliyotabiriwa: saa 5:43 usiku. Nilianza saa 2:50, nikamaliza saa 8:30. Picha 583. Nimetupa 12 zilizokatwa na setilaiti au kutikisika. Kofia imefanya kazi, lenzi kavu.

Sikuchora grafu nikiwa nje. Nilijizuia kwa makusudi, maana nikianza kuona kinachokuja nitaanza kugusagusa mipangilio. Nilikaa kwenye kiti nikisikiliza kamera ikifunga na kufungua. Kati ya saa 4 na saa 7 sikuona tofauti yoyote kwenye skrini, na macho hayawezi kuiona. Duara lilelile, tundu lilelile katikati. Ila nilijua kwamba wakati huo huo jitu lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi lilikuwa linakata uso wa nyota yake kwa kasi ya karibu kilomita 145 kwa sekunde, wakati Dunia yetu inakwenda 30. Upana wa nyota ni kilomita milioni 1.67 hivi; gawanya kwa kasi hiyo, unapata saa tatu na ushee. Ndizo saa tatu zilezile nilizokaa kwenye kiti. Kweli mwanga wenyewe uliondoka huko miaka 159 iliyopita, lakini wakati ule sikutaka kulifikiria hilo.

Siku ya 28

Grafu.

Nimezipanga picha 571 kumi kumi, nukta 57. Zinakwenda bapa, zinaanza kushuka saa 4:06, zinafika chini, zinakaa zikiwa na kitako cha mviringo kidogo kama sufuria kuukuu, zinaanza kupanda, na saa 7:08 zimerudi juu. Nyota shahidi bapa. Picha za machweo zimetumika. Nyota haikuteleza zaidi ya pikseli 20, na lile doa la vumbi liko mbali nayo. Nimerudia hesabu yote upya kwa nyota ya kulinganishia nyingine na kibonde hakikuhama.

Kina: asilimia 1.6, kosa la 0.15 huku au kule. Muda: saa 3 na dakika 2.

Kile kitako cha mviringo kimenipa raha ya pekee, kwa sababu vumbi halikuwa nacho kwa namna ile. Uso wa nyota haung'ai sawasawa. Katikati ni mkali, pembezoni umefifia, kwa kuwa ukingoni tunatazama tabaka za juu zenye joto pungufu. Jua letu liko hivyohivyo. Sayari ikiwa pembezoni inaziba mwanga hafifu, ikisogea ndani inaziba mwanga mkali zaidi, kibonde kinazama. Kwa sababu hiyo pia huwezi kuchukua kina cha katikati ukakigeuza moja kwa moja kuwa ukubwa. Nilijaribu: mzizi wa pili wa 0.016 ni 0.126, mara upana wa nyota, nikapata sayari yenye upana mara 1.48 ya Mshtarii. Kubwa mno. Nilipotia hesabu ya kufifia kwa pembezoni ikashuka hadi karibu 1.4. Waliopima kwa Hubble, darubini iliyoko angani, wana kati ya 1.32 na 1.38. Kwa sentimita 8 silalamiki.

Unganisha hilo na uzito unaotokana na kuyumba kwa nyota, asilimia 69 ya Mshtarii, unapata kitu cha ajabu: sayari pana kuliko Mshtarii lakini nyepesi kuliko yeye, msongamano wake ni kama theluthi moja ya maji. Imevimba. Na Hubble huyohuyo alipotazama mwanga wa nyota ukichujwa pembezoni mwa sayari wakati wa mpito, ilitangazwa mwaka 2001 kwamba kuna sodiamu, mara ya kwanza kwa angahewa la sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa Jua. Mwaka 2003 ikaonekana haidrojeni inavuja kutoka humo kwenda angani. Yote hayo yamo ndani ya kibonde hikihiki, kwa wenye vioo vya mita 2.4.

Limebaki jambo moja ambalo silipendi. Katikati ya kibonde changu ni saa 5:37. Utabiri ulisema 5:43. Nimewahi kwa dakika 6, na kosa langu ni dakika 3.

Siku ya 29

Si kosa. Au ni kosa, lakini la kwenye karatasi, halikutoka angani.

Ratiba za mipito huandikwa kana kwamba mtazamaji amekaa kwenye Jua, ili mwendo wa Dunia usiivuruge saa. Lakini mimi sikai kwenye Jua. Msimu huu Dunia iko upande uleule iliko nyota, kwa hiyo mwanga wa HD 209458 unanipita mimi kwanza, halafu ndipo unafika kwenye Jua. Umbali huo mwanga unautembea kwa dakika nane na kitu kama nyota ingekuwa sawia na Jua na Dunia. Kwa mahali ilipo nyota hii na tarehe hii ni kama dakika 7. Nikiziweka, kibonde changu kimechelewa kwa dakika moja, ndani ya kosa langu.

Kwa hiyo pasipo kukusudia nimepima na hili pia: kwamba niko upande wa huku wa Jua.

Siku ya 30

Mpito ujao ni usiku wa siku ya 33, katikati saa 6:54, toa dakika 7. Betri ziko kwenye chaji. Nataka vibonde vitatu kamili kabla sijauita mradi huu umekwisha, maana kimoja bado kinanitia wasiwasi, na nilishawahi kuwa na kimoja kizuri sana.

Doa la vumbi bado liko kwenye kihisi. Nina brashi ya kulifutia. Sijalifuta.